Dawa ya Klorini Katika Matangi ya Nyumbani: Kipimo Chake na Khatari Zake



Mara mbili msimu huu tumeulizwa hapa afisini suala moja: tangi la nyumbani hutiwa klorini kiasi gani? Na mara zote mbili muulizaji alikuwa amekwisha kutia. Wa kwanza alimimina kopo zima la unga mweupe katika tangi la kambini kwake. Wachumaji wakalalamika kuwa maji yanawachoma koo, wawili wakatapika, na asubuhi yake hapana aliyetaka kupanda mkarafuu. Wa pili alitia kijiko kimoja cha dawa ya kufulia iliyokuwa imekaa juani dukani tangu lini hatujui, akaridhika kuwa maji yake yamekuwa salama, na watoto wake wakaendelea kuhara. Mmoja alizidisha na mwenziwe akapunguza, na wote wawili walikuwa na nia njema. Basi tumeona vyema kulieleza jambo hili sasa, kabla kambi hazijajaa watu.

Yafaa kwanza ieleweke kuwa hatusemi dawa hii ni mbaya. Visiwa vyetu vyakijua kipindupindu. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa maradhi ya 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki, kikapigwa chapa 1876, na mwenye kukisoma ataona jinsi watu walivyokuwa hawana la kufanya. Dawa ya kutia majini ilikuwa bado. Mji wa Lincoln huko Uingereza ulianza kutia klorini mfululizo mwaka 1905 kwa ajili ya homa ya matumbo, na Jersey City huko Marekani ikafuata mwaka 1908. Tangu hapo klorini imeokoa watu wengi mno. Lakini huko hutiwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, mwenye mizani na kipimo, na sisi nyumbani twatia kwa kopo la maziwa.

Klorini huua vijidudu kwa kuviunguza. Walakini haichagui. Ikikuta tope, majani yaliyooza au kinyesi cha ndege, huanza kupigana na hivyo, na nguvu zake huisha kabla haijavifikia vijidudu. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, maana maji yetu mengi ni ya mvua kutoka paani, na mapaa yetu yako chini ya miti. Mfereji wa bati uliojaa majani ya mkarafuu hula dawa yote. Tena yako mambo ya ladha: klorini ikikutana na vitu vya jamii ya fenoli, huweza kuyapa maji ladha kali kama ya dawa ya hospitali, hata kwa kiasi kidogo sana; na mafuta yaliyomo katika karafuu yenyewe ni ya jamii hiyo. Kwa hiyo mwenye kuanika karafuu au makonyo karibu na mfereji wa tangi asishangae. Asafishe mfereji, ayaache maji ya mvua ya mwanzo yamwagike, ayachuje maji kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha ndipo afikirie dawa.

Sasa tuje kwenye hesabu, nayo si ngumu kuliko hesabu ya kupima karafuu kituoni. Tangi la saruji la pembe nne hupimwa urefu, upana na kina cha maji yaliyomo wakati huo (si kina cha tangi), kwa mita. Zidisha vyote vitatu, kisha zidisha kwa 1,000, utapata lita. Tangi la mita 2 kwa mita moja na nusu, lenye maji kina cha mita 1, lina lita 3,000. Matangi ya plastiki huandikwa lita zake ubavuni, ila ukumbuke kuwa likiwa nusu ni nusu.

Kwa maji maangavu, kipimo cha kawaida cha nyumbani ni miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Kwa maji yenye uvumbi kidogo hufika 4. Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 5 kwa lita kuwa ndio ukomo wa maji ya kunywa. Basi lita zetu 3,000 zahitaji gramu 6 za klorini. Dawa ya majimaji yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 50 hivi katika lita moja, kwa hiyo tutatia mililita 120. Ile ya asilimia tatu na nusu, mililita 170. Ama ule unga wa asilimia 65, gramu 9 na kidogo zatosha.

Tuangalie tena hiyo gramu 9, maana ndiyo iliyowaumiza wale wachumaji. Ni vijiko vya chai viwili hivi. Mtu akitia robo kilo ya unga huo katika lita 3,000, ametia gramu 162 za klorini, yaani miligramu 54 kwa kila lita, zaidi ya mara kumi ya ule ukomo. Maji hayo ni ya kuoshea tangi, si ya kunywa. Akishakosea hivyo asitie dawa nyingine ya kuondoa ile. Watu wasiyanywe, maji yaachwe wazi siku kadhaa yapigwe na upepo na jua (watoto wakizuiwa wasikaribie), au yazidishiwe maji safi mpaka yafike kipimo.

Ukishatia, koroga, ngoja nusu saa, ndipo upime. Viko vipimo vya vidonge vidogo vinavyogeuza maji kuwa rangi ya waridi kwa kadiri ya klorini iliyobaki. Ikibaki miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita hapo penye kuchotwa, kazi imekwenda vizuri. Asiyekuwa na kipimo anuse: harufu ndogo ya dawa yatakiwa ibaki. Ikiwa hapana harufu kabisa, uchafu umeila dawa yote. Na mwenye tangi linalojazwa maji ya bomba apime kabla ya kutia, kwani huenda maji hayo yamekwisha kutiwa dawa huko yatokako.

Si kila kitu chenye jina la klorini ni cha maji ya kunywa. Dawa ya kufulia yenye manukato, yenye rangi, au iliyochanganywa na sabuni isitiwe kabisa. Kadhalika zile tembe kubwa za mabwawa ya kuogelea ya mahoteli, ambazo siku hizi huuzwa rejareja bila karatasi yake: zina vitu vingine vilivyokusudiwa bwawa. Kopo lisilo na maandishi si dawa. Na hata dawa nzuri ya majimaji hupungua nguvu yenyewe kwa joto na mwangaza, hivyo asilimia 5 iliyoandikwa huenda isiwe 5 tena baada ya miezi. Nunua chupa ndogo, itazame tarehe, iweke gizani.

Sasa khatari kubwa zaidi, ile iuayo kwa dakika chache. Klorini haichanganywi na kitu chochote chenye ukali wa asidi: siki, ndimu, dawa ya kusafishia choo. Wako wenye kusugua tangi kwa ndimu ili kuondoa kutu na ukungu, kisha wakamwagia klorini juu yake. Hapo hutoka moshi wa klorini wenyewe, ule uliotumiwa vitani Ypres mwaka 1915 kuwaua askari. Moshi huo ni mzito kuliko hewa takriban mara mbili na nusu, na kwa hivyo hukaa chini. Na mwenye kusugua tangi yuko chini, ameinama, na mlango uko juu ya kichwa chake. Hata dawa yenye amonia, ikichanganywa na klorini, hutoa moshi wa kuumiza mapafu.

Kwa sababu hiyo twasema kwa mkazo: mtu asiingie tangini peke yake. Tangi lifunguliwe mapema lipate hewa, aingiaye afungwe kamba, na mwenziwe akae juu mlangoni muda wote. Akianguka, yule wa juu asirukie ndani kumwokoa, bali avute kamba na apige ukelele. Mara nyingi tangi moja huua wawili, na wa pili ni ndugu aliyeingia kwa huruma. Kama lipo tangi la kuweza kusuguliwa kwa brashi yenye mpini mrefu kutoka nje, basi na lisuguliwe kutoka nje.

Unga hutiwa ndani ya maji, si maji juu ya unga. Chukua ndoo ya plastiki iliyojaa maji, nyunyiza unga humo, koroga kwa kijiti, uache utulie, kisha mimina yale maji ya juu tangini na uache machicha. Simama upande utokako upepo, na ufunge pua na macho. Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji mengi robo saa nzima bila ya kukatiza, kisha nenda hospitali. Mtoto akiinywa, asilazimishwe kutapika. Asukutue kinywa na apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Lakini mtoto huinywa kwa sababu sisi watu wazima tumeitia katika chupa ya soda. Hilo likome.

Ghala ni jambo letu khasa. Unga wa klorini wenye nguvu ukigusana na mafuta ya taa, grisi, mafuta ya karafuu au magunia, huweza kuwaka moto bila kiberiti. Kopo moja lililopasuka laweza kuteketeza ghala na karafuu ya msimu mzima. Usiwekwe ghalani kabisa, wala pamoja na mbolea. Uwekwe pahala pakavu, peke yake, mbali na watoto. Wala usiwekwe juu ya bati, maana hula chuma. Tangi la bati lililozidishiwa dawa kila wiki nalo litaanza kutoboka kwenye maungio.

Maji ya kuoshea tangi, ambayo hutiwa dawa nyingi, miligramu 50 kwa lita, na kulazwa siku nzima, yamwagwe pahala pasipo na mmea wala mnyama. Twajua taabu ya kukuza mche wa mkarafuu. Maji hayo yakielekezwa kitaluni, taabu yote imepotea. Na yakiingia mtoni huua samaki.

Wapo waliosikia kuwa klorini huleta saratani, wakaiacha kabisa. Asili ya maneno hayo ni kweli kiasi: mwaka 1974 mtaalamu Johannes Rook huko Uholanzi alionyesha kuwa klorini ikikutana na uchafu wa majani hutoa vitu kama klorofomu. Shirika la Afya Duniani limeviwekea ukomo, lakini limesema pia kuwa watu wasiache kusafisha maji kwa kuviogopa. Nasi twaona vivyo hivyo. Kuhara humuua mtoto wiki hii hii. Dawa ya khofu hiyo ni ile ile ya mwanzo, yaani kusafisha mfereji na kuchuja maji.

Upande wa pili, dawa ina mipaka. Haiondoi chumvi ya kisima cha pwani, haiondoi sumu ya shambani, na viko vijidudu vyenye gamba gumu, kama kriptosporidi, ambavyo haviui kwa kipimo cha kawaida. Hivyo hufa kwa kuchemshwa. Suala la harufu ya dawa katika maji ya udhu, ambalo wazee wawili wametuletea, tumewaachia masheikh. Letu ni la vipimo.

Rai yetu kwa wenye kambi ni kuwa wasihangaike kulitia dawa tangi zima kila siku, kwani maji huingia na kutoka na kipimo hakikai. Tangi lisafishwe na lifunikwe. Maji ya kunywa yatengwe katika ndoo zenye kifuniko na bomba, yatiwe dawa iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa kwa kufuata maandishi yake, yangojewe nusu saa, na mtu mmoja apewe kazi hiyo. Asiyeweza kuipata dawa achemshe.

Mwanachama mwenye kopo lisilo na maandishi asilitupe kisimani wala asilichome moto. Aliache lilipo, atuletee khabari afisini, nasi tutamwuliza bwana afya namna ya kuliondoa. Na anayetaka kufanyiwa hesabu ya tangi lake, aje na vipimo vitatu vilivyoandikwa, pamoja na chupa au karatasi ya dawa yake.