Wanaoishi na VVU miaka mingi bila kudhoofika

SWALI: Inakuwaje mtu akutwe na VVU, akae miaka mingi bila dawa na CD4 zake zisishuke, ilhali mwenzake hudhoofika upesi? Ni mambo ya ukoo?

JIBU: Watu wa namna hiyo wapo, ila hawafiki mmoja katika kila mia ya wenye VVU. Bila ARV, virusi katika damu yao hubaki chini ya nakala 50 kwa mililita. Ukoo unahusika, japo si peke yake.

Vinasaba vyenye uzito zaidi ni vya kundi la HLA, katika kromosomu ya 6. Hutengeneza protini zinazokaa juu ya seli na kuonyesha vipande vya kilichomo ndani, kama muuza duka anavyotundika sampuli mlangoni. Chembe za kinga zikiona kipande cha virusi, huiua seli hiyo. Protini hizi hutofautiana baina ya watu, na hapo ndipo bahati inapogawanyika. HLA-B57 hushika vipande vya ganda la ndani la kirusi, sehemu ambayo kirusi hakiwezi kuibadilisha bila gharama: kikijigeuza ili kukwepa kinga, mara nyingi huzaliana kwa shida. HLA-B27 hufanya hivyo pia. Baadhi ya aina za HLA-B35, kinyume chake, huambatana na kudhoofika haraka. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa tofauti hizo zinatokana hasa na asidi amino chache katika mfereji unaobeba kipande cha kirusi.

Kasoro ya kinasaba cha CCR5, chenye kutengeneza mlango ambao virusi hupitia kuingia katika seli, imevuma zaidi, hasa baada ya Timothy Ray Brown kupona VVU kufuatia upandikizaji wa uboho kutoka kwa mtu mwenye kasoro hiyo, uliofanyika Berlin mwaka 2007. Lakini kwa Waafrika kasoro hiyo karibu haipo, hivyo haielezi lolote kuhusu wagonjwa wa huku. Chenye maana zaidi kwao ni utafiti wa mwaka 2023 uliochunguza karibu watu 4,000 wenye asili ya Afrika: tofauti zilizo jirani na kinasaba cha CHD1L, katika kromosomu ya 1, ziliambatana na virusi vichache mwilini.

Hata hivyo, wengi wenye HLA-B57 hudhoofika kama wengine. Aina yake mojawapo, B*57:01, humweka mtu katika hatari ya mzio mkali wa dawa ya abakaviri, ambayo nayo ni ya VVU. Wanaodhibiti virusi wenyewe nao huweza kuwa na uvimbe wa ndani usiokoma, na baadhi hupoteza udhibiti huo baadaye. Ndiyo maana tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye VVU aanzishiwe ARV, hata kama CD4 zake ziko juu.