Msanii Akiokoka, Tumlee Kwanza

Somo: 1 Timotheo 3:6

Mwaka wa 1979 Bob Dylan, nyota wa muziki Marekani, alitoa albamu ya kumtangaza Yesu. Novemba hiyo, jukwaani San Francisco, alikataa kuimba nyimbo zake za zamani. Baadhi ya mashabiki walimzomea, Wakristo walishangilia. Miaka michache baadaye nyimbo zikabadilika tena, na wengi waliomshangilia wakavunjika moyo.

Wapendwa, hata sisi tuko hivyo. Msanii akiokoka leo, Jumapili ijayo tushampa maiki. Paulo anaonya tusimharakishe mwongofu mchanga, asije akajivuna akaanguka. Tumpe kwanza Neno, ushirika na mtu wa kumlea. Na wewe, imani yako usiijenge juu ya mwimbaji. Ijenge juu ya Kristo.