Kisahihishi, Mama Lishe na Ahadi Yangu

Wengi wetu tuliotoka shule za kata tunaijua ile aibu ya kurudishiwa kazi imejaa wino mwekundu, si kwa sababu hoja ni mbovu, ila Kiingereza kimekataa kunyooka. Mwaka wa pili, mwenzangu wa chumbani akaniwekea kiendelezi, yaani kile kiprogramu kidogo kinachojishikiza kwenye kivinjari. Ukiandika sentensi mbovu kinaipigia mstari, unabofya, imenyooka. Jamani, nilikipenda! Barua pepe kwa wahadhiri, maombi ya mafunzo kwa vitendo, tasnifu: vyote vilipita humo.

Shida ilianzia sokoni. Utafiti wangu unahusu mama lishe na mikopo ya kausha damu. Mama mmoja, kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, aliniuliza, "Mwanangu, haya nitakayokwambia yatasomwa na nani?" Nikamjibu, "Mimi na msimamizi wangu tu, mama." Ndipo akanieleza deni ambalo hata mumewe halijui. Usiku ule, natafsiri maelezo yake kwenye kivinjari, mistari myekundu ikaanza kujitokeza chini ya maneno yake. Nikajiuliza: huyu anayenisahihisha anasomea wapi?

Jibu lilikuwapo siku zote. Visahihishi vingi vya aina hii havifanyi kazi ndani ya laptopu yako. Unachoandika kinatumwa kwenye seva ya kampuni, kinachambuliwa huko, majibu yanarudi. Siku ya kukiweka, kivinjari kilionya kwamba kitaweza kusoma na kubadilisha data yangu kwenye tovuti zote. Nikabofya kukubali. Tuwe wakweli, nani husoma yale maonyo?

Ningeweza kujitetea kwamba jina lake sikuliandika. Lakini kuna kisa cha Web of Trust, kiendelezi kilichokuwa kikiwaonya watu wasiingie kwenye tovuti hatari. Mwaka 2016 waandishi wa NDR, shirika la utangazaji la Ujerumani, walifichua kwamba historia za kuperuzi za watumiaji wake zilikuwa zikiuzwa. Ilidaiwa kwamba data hiyo haimtambulishi mtu, na bado waandishi wale waliweza kuwatambua baadhi ya watu, kwa sababu anwani za kurasa unazofungua, zikikusanywa, zinakutaja. Kikaondolewa kwenye maduka ya Chrome na Firefox. Sasa mfikirie mama yangu wa sokoni: watoto watano, jiko jirani na stendi, anadaiwa na vikundi vitatu. Yuko mmoja tu. Jina la nini tena?

Halafu wenye mali hubadilika. The Great Suspender kilikuwa kinalaza vichupo usivyotumia ili kompyuta isikwame, na kwa laptopu zetu za mtumba hiyo ni neema. Mwaka 2020 kikauzwa kwa mmiliki asiyejulikana. Februari 2021 Google ikakizima kwa kuwa na programu hasidi. Watu walimfungulia mlango mmoja, akaingia mwingine, na ruhusa ni ileile.

Nimekiondoa changu. Kuondoa hakurudishi kilichokwisha kutumwa, kwa hiyo niliiandikia kampuni pia wafute akaunti na maandishi yangu. Anayeona hawezi kuachana nacho, angalau aingie kwenye mipangilio ya viendelezi: Chrome inakuruhusu kukibana kifanye kazi pale tu unapokibofya, au kwenye tovuti ulizochagua. Mimi sasa mahojiano nayaandika kwenye LibreOffice, intaneti nimezima. Kiingereza changu anakisoma yuleyule mwenzangu wa chumbani, ambaye hudai chipsi mayai kwa kila sura. Ni polepole mno, na bado "the" zinatupiga chenga wote wawili.

Msimamizi nilipomweleza hakufoka. Alisema tu, "Nenda kamwambie mwenyewe." Nilikaa siku tatu nikitafuta visingizio, kisha nikaenda. Mama alikuwa anapakua maharage. Nikamwamkia, nikaeleza kwamba maneno yake yalipita kwenye mashine ya watu nisiowajua, na kwamba ni kosa langu. Alinyamaza kidogo, akamhudumia mteja, akarudisha chenji.

"Yale ya mume wangu yatoe," akasema. "Ya biashara bakiza."

Zilikuwa kurasa mbili, bora kuliko zote katika sura ya nne. Nimezitoa.