Injini ya Gari Dogo la Zamani: Tambua Hitilafu Kabla ya Kununua Spea

Magari madogo yaliyoundwa katika miaka ya 1990, na hasa Toyota Starlet, yangali yakifanya kazi kubwa mkoani Tabora. Hupeleka watoto shule, huleta asali na mahindi kutoka Sikonge na Urambo, na mengine hukodishwa kama teksi. Toyota iliacha kuunda Starlet mwaka 1999, hivyo hata ile changa kuliko zote imekwisha pita robo karne. Gari la umri huo halina budi kuharibika. Linalotuhusu sisi wadhibiti ni lile linalofuata: mwenye gari huingia gereji na tatizo moja, hutoka amenunua spea nne, na tatizo lake angali nalo.

Mafundi wengi si wadanganyifu. Tatizo ni kwamba katika gereji nyingi fundi hulipwa kwa kubadilisha kifaa, wala halipwi kwa kutafuta chanzo cha hitilafu. Basi hubahatisha, na gharama ya kubahatisha huwa yako. Kwa mkazi wa Tabora gharama hiyo ni nzito zaidi, kwa kuwa spea nyingi huagizwa Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 800, na muuzaji wa huko hakubali kwa urahisi kurudishiwa kifaa cha umeme kilichokwisha fungwa. Kwa sababu hiyo tunashauri mpatane mambo mawili mbalimbali: kwanza ujira wa uchunguzi, kisha, baada ya kuonyeshwa chanzo, bei ya matengenezo. Mlaji anayekataa kulipia uchunguzi kwa kuona kwamba “fundi hajafanya kitu” mara nyingi huishia kulipa zaidi.

Injini ya petroli huhitaji cheche kwa wakati wake, petroli, hewa, na kompresheni, yaani nguvu ya kuigandamiza hewa ndani ya silinda. Kimojawapo kikipungua, injini hukataa kuwaka, humisi, au hukosa nguvu. Fundi makini huuliza kwanza ni kipi kilichopungua. Ukisikia jina la spea kabla hujasikia jibu la swali hilo, omba maelezo.

Tuchukue mfano wa injini inayomisi, inayotetemeka ikiwa imesimama. Ushauri unaotolewa upesi ni kununua plagi mpya, waya zake na koili kwa mkupuo. Lakini kuna njia isiyogharimu spea hata moja. Injini ikiwa inaunguruma, fundi huchomoa soketi ya umeme ya nozeli moja, huirudisha, kisha huenda kwenye nozeli inayofuata. Silinda iliyo nzima ikinyimwa petroli, mlio wa injini hubadilika mara moja. Ile ambayo mlio wake haubadiliki ndiyo iliyokufa. Baada ya hapo injini huzimwa, plagi ya silinda hiyo hubadilishana nafasi na plagi ya silinda jirani, na jaribio hurudiwa. Kama ugonjwa umehama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Kama umebaki palepale, fundi hufanya vivyo hivyo kwa waya, kisha kwa nozeli, na mwisho hupima kompresheni kwa geji. Hapo geji ikionyesha silinda moja iko chini sana ikilinganishwa na wenzake watatu, hakuna plagi itakayoiponya, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya kufungua pochi.

Katika masika ya Tabora, yanayoanza kama Novemba hadi Aprili, kuna hitilafu inayofanana na hiyo: gari hukataa kuwaka alfajiri na huwaka vizuri saa nne jua likiwa limepanda. Mara nyingi kifuniko cha distribyuta kina ufa mwembamba unaoingiza unyevu. Kifuniko hicho ni bei ndogo mno kuliko kompyuta ya injini, ambayo baadhi ya wenye magari wamekwisha shauriwa kuinunua kwa dalili hiyohiyo.

Hapa inafaa tueleze kwa kirefu habari ya “kupima kwa kompyuta”. Huduma hii ni ya kweli na ina faida, lakini mashine za kawaida zinazotumika gereji zilitengenezwa kwa ajili ya soketi ya magari ya baadaye. Starlet na ndugu zake wengi walioundwa kwa soko la Japani katika miaka ya 1990 hawana soketi hiyo. Wana kisanduku kidogo chini ya boneti, kilichoandikwa DIAGNOSIS au DIAGNOSTIC, chenye matundu yenye majina. Fundi huunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, huwasha swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini kwenye dashibodi huanza kumweta. Ikimweta mfululizo kwa mwendo uleule, kompyuta haikuhifadhi kosa lolote. Ikimweta mara mbili, ikatua, ikamweta tena mara mbili, hiyo ni namba 22. Hesabu za namna hiyo huwa na tarakimu mbili, na unaweza kuzihesabu mwenyewe ukiwa umeketi kwenye kiti cha dereva. Ukitozwa ada ya mashine kwa gari lisilo na soketi ya mashine, una haki ya kuuliza mashine hiyo ilichomekwa wapi.

Namba hizo hazitaji kifaa kibovu. Hutaja njia ya umeme iliyo na walakini. Namba 22 huihusu njia ya kihisio cha joto la maji. Kihisio kikiiambia kompyuta kwamba injini ni baridi wakati imekwisha pata moto, petroli humwagwa kupita kiasi, moshi mweusi hutoka, na tangi huisha upesi. Kihisio chenyewe huenda ni kizima, na waya wake umekatika au soketi yake imeshika kutu. Fundi aliye na mita ya umeme hujua kwa dakika chache: kihisio kizima cha Toyota za wakati huo huonyesha ukinzani wa ohmu 2,000 hadi 3,000 kikiwa na nyuzi joto 20, na ohmu 200 hadi 400 kikifika nyuzi 80. Matengenezo yakikamilika, kumbukumbu ya kosa hufutwa kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa muda mfupi, kisha taa husomwa upya baada ya gari kuendeshwa. Usilipe salio kabla ya usomaji huo wa pili.

Hitilafu inayoangamiza injini nyingi kuliko zote hizo ni kuchemsha. Wazee wa misafara waliotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe waliogopa sana nyika iliyo kati ya Ugogo na hapa, waliyoiita Mgunda Mkali, na hakuna aliyeingia humo bila kujua maji yanayofuata yako wapi. Barabara ya Manyoni, Itigi na Tabora inapita katika nyika hiyohiyo. Ina lami sasa, na lami humfanya dereva asahau.

Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto kama 96 badala ya 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaoyabana maji yapate joto zaidi bila kuchemka. Mfuniko uliolegea, kifaa cha bei ya chini kabisa katika mfumo wote wa kupoza, unaweza kuchemsha injini isiyo na ugonjwa mwingine wowote. Anza hapo. Kisha jiulize gari huchemsha wakati gani. Likichemsha mjini kwenye foleni na kupoa barabarani, shuku feni au swichi yake. Likichemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani, shuku rejeta iliyoziba, themostati iliyoganda, au maji yaliyopungua. Likipunguza maji bila tone kuonekana chini, shuku gasketi ya silinda hedi, hasa kama oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa au mapovu yanapanda ndani ya rejeta injini inapowaka. Mfuniko hufunguliwa injini ikiwa imepoa kabisa. Mvuke wake huunguza uso na mikono.

Kuna desturi moja ya gereji zetu tusiyoiunga mkono: kuitoa themostati na kuitupa. Gari huonekana limepona, kwa sababu maji huzunguka wakati wote. Lakini injini huchelewa kupata moto wake wa kazi, hula petroli nyingi, na chanzo halisi, ambacho mara nyingi ni rejeta iliyoziba, hubaki kikingoja safari ndefu. Mshale wa joto ukipanda ukiwa njiani, simama. Kilomita kumi za “nitafika tu” zinatosha kupinda silinda hedi, na hapo hesabu huhama kutoka bei ya mfuniko hadi bei ya kufumua injini nzima.

Kuhusu petroli tutasema machache. Neno kuchakachua lilienea nchini wakati mafuta ya taa yalipochanganywa na petroli na dizeli, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tofauti ya bei iliyovutia uchanganyaji huo. Gari likianza kugonga na kukosa nguvu mara tu baada ya kujaza tangi, usikubali pampu ya mafuta ibadilishwe kabla ya petroli yenyewe kushukiwa. Stakabadhi ya kituo, yenye tarehe na saa, ndiyo itakayokuunganisha na tangi ulilojaziwa.

Kuhusu spea, iliyotumika kutoka Japani huwa na maisha marefu kuliko mpya ya bandia, na hatuoni aibu kulisema hilo. Kinachokatazwa ni kuuziwa moja kwa jina la nyingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Basi stakabadhi iandike jina la kifaa, kama ni kipya au kilichotumika, na muda wa dhamana iwapo ipo. Mwambie fundi mapema, kabla hajashika spana, kwamba utachukua kifaa cha zamani. Ombi hilo likitolewa mwishoni huonekana kama shutuma. Likitolewa mwanzoni ni sehemu ya mapatano.

Ukiona umedhulumiwa, mwandikie kwanza mwenye gereji au duka, umpe siku za kujibu, na ubaki na nakala. Asipojibu, malalamiko ya mafuta ya kituo yapelekwe EWURA, ya ubora wa bidhaa TBS, na ya bidhaa bandia au udanganyifu Tume ya Ushindani. Ambatisha stakabadhi, namba za taa zilizosomwa kabla na baada ya matengenezo, na picha ya kifaa kilichotolewa. Kifaa chenyewe kihifadhi bila kukisafisha, kwa kuwa masizi na kutu iliyomo ni sehemu ya ushahidi.