Mnara wa Siloamu na Maghorofa ya Kariakoo

Someni kwanza Luka 13:1-5, kisha Luka 4:9-12, kisha Kumbukumbu la Torati 22:8. Nanyi mlio waalimu, lisomeeni darasa kwa sauti, polepole, kabla hamjaeleza neno lo lote.

Ndugu wapendwa, Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, watu wakiwa wamekwisha kufungua maduka yao, jengo moja la ghorofa lilianguka katika mitaa ya Kariakoo mjini Dar es Salaam. Wengi waliokolewa wakiwa hai, na kazi ya kuwatafuta wengine chini ya kifusi iliendelea siku kadhaa, mchana na usiku. Lakini watu zaidi ya 20 walikufa. Miaka mitatu kabla ya hapo, usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko kuu lenyewe lilishika moto, nao wengi waliokuwa na mali jioni waliamka hawana kitu.

Hatuyaandiki haya ili kuwatonesha vidonda waliofiwa. Tumeyaandika kwa sababu ya swali la dada mmoja wa usharika, ambaye auza nguo za watoto katika ghorofa ya pili ya jengo jingine, mitaa ile ile. Alitujia baada ya ibada, akasema, "Waalimu wangu, tangu siku ile kila nipandapo ngazi magoti yanalegea. Lori likipita na meza ikitikisika, nashika ukuta. Nasali, lakini hofu haitoki. Je, mimi sina imani?" Tukatambua ya kuwa wengi wanalo swali hilo, ila hawalisemi, maana waona haya kuonekana wadhaifu mbele ya wenzao.

Basi tuuendee mnara wa Siloamu. Siloamu ni mahali katika Yerusalemu penye birika la maji. Mnara ulianguka pale ukaua watu 18. Maandiko hayatuambii ni nani aliyeujenga, wala ulianguka kwa sababu gani. Twaijua habari yenyewe kwa kuwa Bwana Yesu aliitaja. Bila shaka mji mzima ulikuwa ukiisema, kila mtu na tafsiri yake. Sisi nasi twazijua tafsiri hizo. Msiba ukitokea, haipiti siku moja kabla hujasikia kwamba ilikuwa adhabu, au kwamba tajiri fulani ametoa kafara. Bwana aliwauliza waliomsikiliza kama wadhani wafu wale waliwazidi wenyeji wengine kwa makosa, akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha akaligeuza neno, likawaelekea wao waliosimama wazima mbele yake: watubu.

Angalieni alivyofanya. Hakuwaruhusu kuwahukumu waliokufa, wala hakuwaruhusu kujisifu kwa kuwa hai. Neno hili la pili twalisahau upesi. Mtu aliyetoka nje ya jengo kwenda kunywa chai, na nyuma yake likaanguka, ana haki ya kumshukuru Mungu, tena kwa machozi. Lakini asisimame kanisani kushuhudia kwamba aliponywa kwa sababu alikuwa amefunga na kuomba, maana labda katika benchi la tatu ameketi mjane ambaye mumewe naye alifunga, naye aliomba, wala hakutoka. Ninyi wazee wa kanisa, msione vibaya kumfundisha mtu kwa upole kabla hajatoa ushuhuda wa namna hiyo.

Sasa twarudi kwa dada yetu. Je, hofu yake ni dhambi? Sisi twajibu kwamba sivyo. Bwana mwenyewe katika bustani ya Gethsemane alifadhaika na kuhuzunika sana, kama ilivyoandikwa katika Marko 14:33, naye hakuwa na dhambi. Mtume Paulo awaandikia Wakorintho, 2 Wakorintho 7:5, kwamba alipofika Makedonia alikuwa na vita nje na hofu ndani. Wala hasemi kwamba aliona aibu. Mwili ulioumbwa na Mungu huogopa kuangukiwa na mawe. Kama usingaliogopa, watoto wetu wote wangalikufa kabla ya kufika umri wa Kipaimara.

Katika jambo hili twasaidiwa sana na habari ya Martin Luther. Mwezi wa Agosti mwaka 1527 tauni iliingia katika mji wa Wittenberg. Chuo Kikuu kilihamishwa kwenda Jena, na Luther naye alitakiwa aondoke. Hakuondoka. Mkewe Katharina alikuwa mjamzito, na nyumba yao ikawa kama hospitali. Wakati huo mchungaji mmoja wa mji wa Breslau, Johann Hess, pamoja na wenzake, walikuwa wamemwuliza kama yafaa Mkristo akimbie tauni. Jibu lake lilipigwa chapa mwaka ule ule, nalo lashangaza wale wadhanio kwamba mtu wa imani husema neno moja tu.

Kwanza, asema, mwenye kazi ambayo watu wamekabidhiwa kwake, kama mchungaji, mtawala, mzazi, au jirani wa mgonjwa asiye na mtu mwingine, asiwaache. Kisha amgeukia yule asiye na wajibu kama huo, au ambaye wako wengine wa kutosha kuishika nafasi yake, amwambia kwamba yu huru kukimbia, wala asihesabiwe kuwa amekosa imani. Tena awakemea kwa ukali wanaodharau dawa na tahadhari, wakiingia po pote na kusema kwamba Mungu atawalinda akitaka. Watu hao, kwa maoni yake, hawamtegemei Mungu bali wamjaribu. Yeye mwenyewe aliazimia kumwomba Mungu, kisha kuifukiza nyumba, kutumia dawa, na kutokwenda mahali asipohitajiwa. Lakini jirani akimhitaji, atakwenda. Hivi ndivyo alivyokaa katika mji ule: akiogopa, akifukiza, akiwatunza wagonjwa.

Kumjaribu Mungu ni neno ambalo yafaa tulitazame zaidi. Zaburi ya 91 twaiona imebandikwa katika milango ya maduka na vioo vya magari, nasi twafurahi, maana ni neno la Mungu. Lakini someni Luka 4 mwone ni nani aliyeitumia Zaburi hiyo juu ya kinara cha hekalu. Ibilisi alimpandisha Bwana Yesu mahali pa juu, akamwonyesha ahadi ya malaika, akamtaka ajitupe. Bwana hakuikana ahadi, aliikataa safari. Basi mtu aonaye ufa ukipanda katika nguzo ya jengo afanyiamo kazi, kila juma umekuwa mpana zaidi, naye akanyamaza na kubandika Zaburi juu yake, na ajiulize ni nani aliyemfundisha kusoma hivyo.

Hofu isiyo dhambi yaweza hata hivyo kumpeleka mtu dhambini, nayo hufanya hivyo kwa njia ya kumtafutia bwana mwingine. Luther alifundisha, katika maelezo yake ya Amri ya Kwanza, kwamba kile ambacho moyo wa mtu umekiangikia ndicho mungu wake hasa. Sokoni jambo hili huonekana wazi. Mwenye duka aonapo fedha zapungua katika droo, husema amepigwa chuma ulete, yaani kwamba mtu amezivuta fedha zake kwa uchawi. Akaenda kwa mganga kununua kinga. Mwingine, aliyebatizwa na kushika Katekisimo, aona aibu kununua hirizi, lakini hununua mafuta na chumvi vilivyoombewa, akanyunyiza kizingitini kabla ya jua kuchomoza. Kwa maoni yetu hawa wawili wamekaa mlango mmoja. Nasi twaongeza hili, ijapokuwa si neno la madhabahuni: daftari la mapato na matumizi, likiandikwa kila jioni, lingaliyajibu maswali mengi ambayo mganga amekwisha kuyalipiwa.

Hofu hiyo hiyo humfundisha mtu kupunguza mizani, akisema kesho haijulikani. Nayo huwapeleka akina mama katika mikopo ile ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Hatuwahukumu akina mama hao. Twauliza tu kama usharika wao ulijua shida yao kabla ya mkopeshaji kuijua.

Hapa ndipo mahali pa Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari sawasawa juu, watu wakaketi huko na kulala wakati wa joto. Mungu aliamuru kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo pande zote, ili asije mtu akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Fikirini jambo hili: Mungu aliyefanya agano na Ibrahimu na kuipasua Bahari ya Shamu, asema habari za ukingo wa dari. Angaliweza kuwaagiza malaika wawadake watu waangukao. Alimwagiza mjenzi.

Kwa hiyo Mkristo mwenye jengo, na fundi achanganyaye zege, na mkaguzi atiaye sahihi, wote wamesimama chini ya Amri ya Tano, ile ikatazayo kuua. Mchanga ukizidishwa na saruji kupunguzwa, au nguzo ikiondolewa ili kipatikane chumba kimoja zaidi cha kupangisha, hilo si jambo la mhandisi peke yake. Ni jambo la meza ya Bwana pia. Nayo Katekisimo Ndogo, katika ombi la nne la Baba Yetu, yaufafanua mkate wa kila siku kuwa ni pamoja na nyumba, serikali njema na majirani waaminifu. Tukisali ombi hilo twaomba nguzo imara, na mtu mkweli wa kuipima.

Lakini je, msaidizi wa duka, alipwaye kwa siku, afanye nini, ambaye akisema neno aweza kufukuzwa? Hili ndilo gumu, wala hatutaki kulipita kwa maneno mepesi. Jina lenyewe la Kariakoo latukumbusha watu wa namna hiyo. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi, waliojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps, waliwekwa kambini pale. Na jina hilo, likitamkwa na wenyeji, likawa Kariakoo. Wengi wa wapagazi katika vita ile walichukuliwa kwa nguvu. Walikufa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, na makaburi ya walio wengi hayajulikani. Hakuna aliyewauliza kama waogopa. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar wakati ule, hakuwa wa madhehebu yetu, lakini twamkumbuka kwa heshima: alipoona wapagazi watakwenda bara, alikwenda pamoja nao kwa miguu akiwa kiongozi wao.

Paulo awaambia Wagalatia katika sura ya 6, mstari wa 2, wachukuliane mizigo, na katika mstari wa 5 kwamba kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Maneno haya mawili hayapingani. Mchukuzi wa Kariakoo ajua kwamba gunia ni lake. Lakini hawezi kujitwika peke yake, lazima mwenzake amwinulie. Basi ninyi waalimu, ulizeni darasani: nani kati yetu afanya kazi mahali ambapo ataka kusema neno na hawezi? Nani aweza kwenda pamoja naye? Na kama atafukuzwa, tutampa nini juma la kwanza? Andikeni majibu yao, myapeleke kwa wazee wa kanisa, maana swali la tatu lahitaji fedha.

Dada yetu tulimjibu hivi. Kama aweza kupata chumba mahali pengine bila kuwanyima watoto wake chakula, na ahame, wala asihesabu kwamba amemkimbia Mungu. Kama hawezi, na auzaye nguo ajue kwamba kazi yake ni mkono wa Mungu uwavikao watoto wa watu na kuwalisha watoto wake mwenyewe; apande ngazi kwa ajili hiyo, huku akiuliza habari za jengo kwa mwenye jengo, na asipojibiwa, kwa wakubwa wa serikali waliowekwa kwa kazi hiyo.

Alimwuliza mwenye jengo habari za ufa ulio karibu na ngazi, akajibiwa vibaya. Akauliza tena akiwa na wapangaji wenzake wanne, wawili kati yao Waislamu, na mzee mmoja wa kanisa. Safari hii waliahidiwa kwamba fundi ataletwa kupima, nao wangali wangoja. Hofu, asema, bado ipo. Luther aliwafundisha watu wa nyumbani waamkapo wajitie ishara ya msalaba, waseme Imani na Baba Yetu, kisha waende kazini kwa furaha. Yeye, kwa kuwa nyumbani asubuhi watoto humsumbua, Baba Yetu huisema chini ya ngazi, mfuko wa nguo ukiwa kichwani, ndipo apandapo.