SOMO LA WAJUMBE: TUTAFUTE KATIKA GHALA LIPI?

Ndugu wafanyakazi wa Rubona, na ninyi wa mashamba ya chai,

Mjumbe anayekwenda mbele ya mwajiri na karatasi iliyopitwa na wakati hushindwa kabla hajaketi. Tutazame likizo ya uzazi. Sheria ya kazi namba 66 ya 2018, iliyofuta ile ya 2009, ilimpa mama wiki 12. Sheria namba 027 ya 2023 ikaibadili, sasa ni wiki 14. Ukiuliza ovyo katika intaneti waweza kuletewa yoyote kati ya hizo tatu, na mchuma chai akapoteza wiki 2 za kumnyonyesha mtoto.

Kwa hiyo tujue kwanza swali letu ni la namna gani, ndipo tuchague ghala la maandiko. Wasomi huyaita maghala haya hifadhidata.

Swali likiwa la haki zetu hapa Rwanda, twende kwenye Igazeti ya Leta. Sheria hizo zimechapwa humo kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, bega kwa bega. Tusome tarehe, kisha tutafute kama kuna sheria ya baadaye iliyoigusa. Hapo ndipo wengi huchoka mapema.

Tukitaka kujua dunia inasemaje, Shirika la Kazi Duniani lina NORMLEX. Humo umo Mkataba namba 183 wa mwaka 2000, unaotaka wiki zisipungue 14. Lakini mkataba hauifungi nchi isiyouridhia. Majina ya walioridhia yamo humo humo.

Kikohozi cha kiwandani ni swali jingine, wala sheria haitalijibu. Tufungue PubMed, ni bure, tuandike kwa Kiingereza maneno chai, vumbi na pumu. Tutakuta madaktari wa Sri Lanka waliandika juu ya pumu ya watengeneza chai tangu 1970. Mara nyingi hutolewa muhtasari tu. Makala kamili tuwaombe watoto wetu walio vyuoni, wapitie maktaba ya chuo: Research4Life huvifungulia vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipiwa, HINARI ya afya, AGORA ya kilimo, GOALI ya sheria.

Kila kamati iandike daftarini swali lake moja, ghala lililotumika, tarehe ya andiko na siku lilipotafutwa. Tutayapitia pamoja kabla ya kuonana na mwajiri.