Siku Huanza Jioni

JUMATANO

Soma Mwanzo 1:5, Walawi 23:32, 1 Wafalme 19:4–8. Katika mafungu haya, pumziko linatangulia kazi au linaifuata?

Kwa hesabu ya Biblia, siku huanza jua linapozama. Adamu na Hawa waliumbwa siku ya sita, hivyo siku yao kamili ya kwanza ilikuwa Sabato. Eliya naye, alipolala chini ya mretemu akiomba afe, hakuhubiriwa kwanza. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akalishwa mara ya pili, ndipo ikafuata safari ya siku arobaini. Usingizi na chakula vilikwenda pamoja.

Sisi huvitenganisha. Mtoto akinenepa kupita kiasi tunakagua sahani peke yake: soda, chipsi, maandazi. Ni vema kukagua. Lakini mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba vijana wa kiume waliopunguziwa usingizi kwa usiku mbili tu, homoni yao ya njaa ilipanda na ile ya kushiba ikashuka, wakatamani zaidi vyakula vitamu, vya chumvi na vya wanga. Mtu aliyelala kidogo huona njaa hata tumbo likiwa limepata chakula cha kutosha.

Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa watoto wapatao 8,550 wa miaka minne nchini Marekani. Uliangalia desturi tatu za nyumbani: kula chakula cha jioni pamoja karibu kila siku, kulala angalau saa 10 na nusu usiku, na kutazama runinga kwa muda usiozidi saa 2. Katika nyumba zenye desturi zote tatu, watoto wenye unene uliopitiliza walikuwa asilimia 14.3, katika nyumba zisizokuwa na hata moja, asilimia 24.5. Hesabu hizi hazithibitishi kwamba desturi peke yake ndiyo sababu, maana watoto wanatofautiana kwa urithi na mazingira. Hata hivyo, zote tatu ni mambo ya jioni, na hakuna linalohitaji fedha.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Wataalamu wa usingizi hushauri saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Anayeamshwa saa 11 alfajiri awahi basi la shule anapaswa awe ameshalala saa 2 usiku. Katika nyumba nyingi, saa hiyo ugali bado uko jikoni.

Je, haiwezekani? Tazama Ijumaa. Siku ya maandalio nguo zimepigwa pasi mapema, chakula kimepikwa, runinga imezimwa, na jua linapozama familia imeketi kufungua Sabato. Ujuzi huo tunao tayari. Jumapili usiku mtoto yule yule yuko mbele ya runinga hadi saa 4. Kinachotakiwa ni maandalio madogo ya kila jioni: chakula mapema, runinga kuzimwa, simu ibaki mbali na kitanda, ibada fupi (mtoto wa miaka mitano hahitaji sura nzima ya Mambo ya Walawi), kisha kulala kwa saa ile ile. Familia inayoishi chumba kimoja ina mzigo zaidi, kwa sababu mtoto hawezi kulala mpaka wakubwa wakubali kunyamaza. Na mama anayerudi sokoni usiku asilaumiwe. Bibi au dada mkubwa anaweza kutangulia kuwalisha wadogo.

Kanisa nalo lijiangalie. Mazoezi ya kwaya ya watoto yanayokwisha saa 3 usiku, na mahubiri ya hadhara yanayoongezwa “dakika tano” mara nne, yanakula usingizi wa wana-kondoo wetu. Baraza la kanisa lina uwezo wa kurekebisha ratiba hiyo.

Jambo moja zaidi. Mtoto mnene asiitwe “kibonge”, hata kwa utani. Badilisheni jioni ya nyumba nzima, naye abadilike pamoja na wenzake.

Maswali ya Kujadili:

1. Watoto wa kanisa lenu hulala saa ngapi, na nani anayepanga saa hiyo: mzazi, runinga, au ratiba ya kanisa?

2. Ni maandalio gani ya Ijumaa ambayo familia yako inaweza kuyafanya Jumatatu pia?

3. Soma Luka 2:52. Kukua kimwili kunatajwa pamoja na nini? Darasa lenu linaweza kuisaidiaje familia moja ambayo mzazi hurudi kazini usiku?